Subiri Watage

Fundi Amugune, weka nyundo chini kwanza.
Chai iko kwenye birika, na maneno yangu si mengi.
Ukuta utakaoubomoa ni wangu, nimekubali uanguke;
pesa za chama zimehesabiwa,
kokoto kutoka Mudete zimelala mlangoni.
Lakini nyuma ya jiko wamo wengine
ambao hatukuwaita kwenye mapatano.

Kumi na mmoja, ukimhesabu jogoo.
Yule wa shingo uchi nimempa jina la wifi yangu,
hilo libaki hapa Chavakali.
Yule wa madoa hutaga saa nne,
na akishtuka hufunga yai siku tatu
kama mtu aliyemezea neno msibani.
Yule tembe mwekundu bado hajataga. Tunamngoja.

Kwa hiyo asubuhi pima, funga kamba, koroga simiti.
Koleo wanalijua, ni ndugu ya jembe.
Ila mashine yako ya kukatia mabati
isilie kabla ya saa sita.
Subiri watage.

Jana usiku nimewahamishia migombani.
Kuku hahamishwi mchana; mchana ana macho na ubishi.
Usiku unamchukua kama mtoto aliyesinzia kwa jirani,
mkono chini ya kifua, bila taa,
bila kumwita jina.
Kizimba nimekifunika kwa magunia mawili
nikaacha upenyo upande wa upepo,
maana giza lisilo na hewa ni kaburi.
Majini nimetia jani moja la shubiri.
Bibi yangu alifanya hivyo mwaka ule wa barabara;
sijui kama humtuliza kuku
au humtuliza mwenye kuku.

Na misumari, fundi.
Kwa kuku, kinachong'aa ni chakula.
Jerida alipoezeka, firigisi ililetwa kwa mumewe kwa heshima zote
naye akang'ata msumari wa inchi moja.
Watoto walicheka.
Mimi nilikumbuka kuku yule alivyokonda mwezi mzima
nasi tukasingizia kideri.
Basi jioni Imali wangu atapita hapa
na sumaku ya redio iliyokufa, ameifunga kamba,
anaiburuta kama mbwa asiyetaka matembezi.

*

Ulinisikiliza. Wiki mbili saa sita ilikuwa saa sita.
Mayai yalipungua, yakarudi.
Kopo la Imali lilijaa misumari iliyopinda
na nikaanza kujisifu kwa majirani.

Kisha Jumapili.
Hakuna nyundo, hakuna redio yenu, hakuna matusi ya ngazini.
Niliwafungulia, nikasema leo wapumzike masikio.
Nikaenda kanisani na roho nyeupe.

Mwewe alikuwa na habari zetu zote.
Mwavokado tuliouangusha kupisha msingi
ndio uliokuwa dari lao, na mimi sikuuhesabu.
Siku zote zile kelele zako zilikuwa zikimfukuza,
kelele nilizoziwekea saa na masharti.

Nilikuta manyoya mekundu juu ya mchanga wa kupigia lipu.
Machache. Ungedhani ni ua limepukutika.
Wengine kumi walikuwa chini ya toroli,
wamebanana, kimya, jogoo naye kimya.

*

Jumatatu sikukupa masharti. Nilikupa chai tu.
Uliyatazama manyoya, ukatazama juu
pale palipokuwa na mti.
Hukusema pole.
Ulikusanya vipande vya mabati vilivyobaki,
ukavitoboa, ukavining'iniza kwa waya
kutoka pembe ya jiko hadi mgombani,
asubuhi, saa tatu,
kabla hawajataga,
nami sikukukataza.

Chumba kimekwisha. Kina dirisha la upande wa kizimba.
Upepo wa Nandi ukishuka, mabati yanagongana
kama sufuria za nyumba yenye wageni,
na wa madoa anaendelea kukaa,
jicho moja limefumba,
anataga.