Palipong'olewa Reli

Hapa hapana mlima; mlima wao ni upepo.
Tunaupanda tangu asubuhi, Godelieve mbele,
miaka sabini na miwili, soksi nyekundu ndani ya ndara,
baiskeli yake ikilia kwi, kwi,
kila akikanyaga pedali ya kushoto.

Magari marufuku. Palipopita treni
twapita sisi, na sungura,
na baba anayemfundisha mwanawe kuachia breki.

Ng'ombe wamejibanza kivulini
mwa ngome ya zege isiyo na mlango.
"Babu Achiel," anasema bila kugeuka,
"alizungusha gurudumu la lango la maji
usiku walipoifungulia bahari mashamba
ili Wajerumani wakwame.
Viazisukari vyake vilikuwa bado ardhini."
Kwi, kwi.
"Adui akasimama. Viazi vikaoza.
Bibi alikufa akiuliza kwa nini hakuvuna kwanza."

Kwetu twasema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawa waliyazoa: kwa pampu, kwa mifereji,
shamba baada ya shamba,
chumvi ikibaki kwenye udongo kama deni.

Chini ya nguzo, kombora lenye kutu
lililofukuliwa na jembe juzi.
Mkulima ameliacha pale, askari waje walichukue,
kama mtu aliyetoa taka zake.
Tunapita mbali kidogo.

Kisha tairi langu: psss.
Godelieve anachuchumaa mferejini,
anazamisha mpira, anausogeza taratibu.
Mapovu matatu.
"Lete kiraka," anasema,
kidole chake kikibana tundu.