Pindo, Mji, Pengo

Bwana Hirji amepiga simu tena kutoka Mtaa wa Uhuru.
Pindo tayari, anasema. Mji tayari, korosho nne kwenye pembe.
Jina je, Bi Siwema? Jina?
Nikamwambia kesho.
Hiyo kesho ina miezi minne.

Miaka kumi na tisa nimewaandikia wanawake wa jiji hili
maneno ya kutupiana bila kufungua mdomo.
Wake wenza wamegombana kwa herufi zangu,
mawifi wamesusiana harusini,
nami nimekaa zangu Magomeni, namenya mihogo, sijulikani.
Sasa pale chini ya kanga, kwenye kisanduku cha jina,
nikitazama naona nguo tu.

Basi nikanunua vitabu.
Kwa yule kijana anayevitandaza juu ya turubai Posta ya Zamani,
vitabu vilivyochoka, kurasa zina harufu ya kabati la mtu mwingine:
kimoja cha kuamsha kipaji kilicholala,
kimoja cha kupanga meza ili akili nayo ipangike,
kimoja hakina jalada, sijui hata kinaamsha nini.

Cha kwanza kilisema: kurasa tatu kila alfajiri, usifute.
Siku ya kwanza niliandika bei ya vitunguu.
Siku ya pili, bei ya vitunguu, na kwamba Shomari hajapiga simu.
Siku ya saba niliandika "sina la kuandika"
mara mia mbili na kumi,
kwa mwandiko mzuri sana.

Cha pili nilikitii zaidi.
Faili jekundu la mafumbo, la kijani la shukrani, la njano la mipasho.
Kalamu nikazipanga kwa urefu, kama watoto wa shule mstarini.
Meza ikawa safi
kama ya mtu aliyefariki.

Kisha kozi. Jumamosi tatu, ukumbi wa ghorofani, Sinza,
elfu arobaini na tano, pamoja na chai na andazi moja.
Tulikuwa kumi na mmoja tuliokwama:
Gaudensia mchora katuni, Kibwana mchonga milango
mwenye milango sita nyumbani, yote nusu,
na dada mmoja aliyebeba riwaya yake ndani ya mfuko wa unga.
Hakuitoa hata siku moja. Aliipakata.

Mwalimu Nkwabi akasema: ichoreni hofu, kisha ipeni jina.
Wenzangu wakaipa.
Mimi, ambaye kazi yangu ni majina,
nilichora mstatili mrefu, ndani hamna kitu.
Akausimamia muda.
"Huu nao," akasema,
hakumalizia.

Jumamosi ya mwisho umeme ulikatika, feni zikasimama,
tukapewa vyeti kwa mwanga wa simu.
Kwenye giza la ngazi nikamsikia Nkwabi akimwambia Kibwana:
"Mimi nami, ndugu yangu, mwaka wa sita sijaandika ubeti.
Nafundisha ili nikae karibu na jiko."
Ningeweza kudai elfu zangu.
Nikashuka taratibu, mkono ukutani,
nikamwonea huruma, kisha nikajionea.

Nyumbani, umeme uliporudi, nikakisoma cheti.
Aliyechapa alikosea herufi mbili.
Siwezi binti Athumani amefuzu.

Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Nikalizungusha mdomoni, nikalipunguza, nikalipima kwa vidole
kama ninavyopima: litaenea, halitaenea?
Lilienea.
Halikuingia faili jekundu, wala kijani, wala njano.
Nikaliacha juu ya meza, peke yake, kando ya ganda la muhogo.

SIWEZI AMEFUZU.

Bwana Hirji alikaa kimya kwenye simu.
Hili, akauliza, anaambiwa nani? Mke mwenza? Wifi?
Nikamwambia chapa tu, baba,
mwenyewe atajijua.

Leo alfajiri nimekaa tena na daftari.
Bei ya vitunguu imepanda.