Ufunguo wa Bwawa

Mji wetu una watu mia nne na ushei,
kanisa moja, benki inayofungwa saa sita mchana,
na bwawa la maji moto yanayochemka ardhini yenyewe
hata theluji ikifika madirishani.
Humo ndimo tunamosemana.

Mimi hukata tiketi. Miaka ishirini na mitatu
nimewaona wote wakivua makoti, vyeo na meno ya bandia.
Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga;
lakini ipo barua, na sahihi yangu imo,
iliyoomba Ketill, mtoto wa Oddný,
aletwe Jumanne tu, alasiri, "na wenzake".
Wenzake akina nani?
Iceland yote sijui, ila mji huu ulikuwa na Ketill mmoja.

Oddný hakujibu barua. Alimleta Jumatatu.
Akamleta Jumatano.
Akalipa kwa sarafu, akinihesabia moja moja mkononi,
polepole, nipate muda wa kuona haya.

Sasa Ketill ana miaka thelathini na minne,
ndevu nyekundu, deni dukani kama wengine,
na hapendi kuitwa "kijana wetu".
Maneno humtoka kwa zamu, moja likisubiri jingine lipite.
Atakayemmalizia sentensi
ataisikia tena kutoka mwanzo.

Oktoba aliingia kwenye kikao cha halmashauri
akataka kazi ya kufungua bwawa alfajiri.
Yenye mshahara, alisema.
Mshahara alisema mara mbili.
Mwenyekiti akakohoa: "Na ukikosea?"
"Nikikosea," akasema, nasi tukangoja,
"mtaniambia.
Mbona ninyi
mkikosea
nawaambia?"

Wanne kwa watatu.
Sitawataja wale watatu; naoga nao.

Jana, digrii tisa chini ya sifuri.
Saa kumi na mbili, mlango umefungwa.
Na robo, bado.
Tumesimama taulo kwapani: daktari, fundi bomba, mchungaji,
makamasi yakichuruzika bila kujali elimu.
Hatimaye huyo, ufunguo shingoni, hana haraka.
Usingizi ulimpitia, basi.

Tulimgombeza!
Fundi bomba alitaja mshahara wake,
mchungaji alitaja saa, mimi nikataja miguu yangu.
Hakuna aliyeinamisha kichwa na kulainisha sauti.
Naye akageuka, mkono kwenye kitasa,
neno moja, kisha jingine:
"Mnataka
kuingia
au kugomba?"

Tukaingia.