Mgeni Njoo, Lakini Nawa Kwanza

Mlangoni pangu, Birere, pana ndoo ya njano yenye bomba.
Imebaki tangu miezi ile ya Ebola,
tulipokuwa tunapimwa joto kwenye paji la uso
na kijana mwenye kipimo kama bastola ya mtoto.
Ugonjwa uliondoka, ndoo sikuiondoa.
Leo tunanawia vumbi jeusi la mawe ya volkano,
ila kuna vidole vinavyoingia humu bila kunawa:
vidogo, vya plastiki, vyenye kofia,
vinavyoning'inia kwenye kamba ya kiatu, kwenye funguo za pikipiki.
Kimoja kilitolewa ndani ya soksi, mwenyewe aliogopa wezi.

Wanasema: Mama Katungu, nitolee kurasa mbili tu.
Mbili tu!

Mumbere alikuja hivyo, Alhamisi,
umeme ukikonyeza, jenereta ya jirani ikikohoa,
mkononi tasnifu yake ya ufugaji wa sungura,
miaka mitatu ndani ya kitu kifupi kuliko kidole gumba.
Flashi ile ilikuwa imekwishapita maduka matatu,
ikalala kwa binamu yake Ndosho,
ikaazimwa na mtu wa kwaya.
"Mama, profesa ananisubiri."
Nami, niliyelelewa kwa mgeni njoo mwenyeji apone,
nikaichomeka.
Sikuikagua. Nikabofya mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Kurasa zikatoka. Akalipa. Akashukuru.

Ijumaa asubuhi kila folda ilikuwa na mshale mdogo pembeni,
kama kovu la chanjo begani.
Mialiko ya harusi: njia ya mkato.
Barua za pasta: njia ya mkato.
Ratiba ya mazishi ya mzee Bauma, nakala mia mbili, saa nne kamili:
njia ya mkato isiyofika popote.
Wafiwa walisimama mlangoni kwa vitenge vya sare.
Nikaiandika upya ratiba ile kwa kukumbuka,
nikasahau jina la mke wa pili.
Deni hilo sijalilipa.

Fundi Sikuli alikuja na bisibisi ambayo hakuitumia.
"Havikufa, Mama. Vimefichwa.
Kirusi kimewasukuma watu wako chumba cha ndani,
kikakaa mlangoni kwa jina lako, kikipokea wageni.
Kila ukibisha, kinazaa."
Akaufunga mlango uliokuwa ukijifungua wenyewe,
akaniachia antivirusi, akaniagiza niilishe kila wiki.
Nainunulia mega kama unga.
Nakala za kazi zangu zote nimezitia kwenye diski moja,
inalala nyumbani, ndani ya sufuria yenye kifuniko,
haijawahi kulala chumba kimoja na mashine.

Na kando ya ndoo nimeweka kompyuta kuukuu
isiyo na intaneti, isiyo na siri, isiyo na herufi ya K.
Kila flashi inaanzia hapo.
Hiyo ndiyo inayopigwa badala yetu.

Wateja hawapendi. "Unaniona mchafu?"
Mmoja alifyonya, akaenda ng'ambo ya barabara
kwa yule asiyeuliza.
Sibishani. Nasema: subiri kidogo, baba,
nami natazama mstari wa kijani ukitambaa
polepole kama foleni ya maji.

Jumanne iliyopita wino uliniishia.
Nikaenda Katindo, kwa binti mmoja mwenye duka jipya,
nikampa flashi yangu mwenyewe, yenye utepe mwekundu,
haijawahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine.
Ila ule usiku mmoja, nilipomwazima shemeji picha za ubatizo.
Akaniambia, "Subiri kidogo, Mama."
Mimi! Karibu nifyonye.

Mashine ikalia. Kumi na saba.

Hakusema kitu. Alinitazama tu
kama yule kijana na bastola yake ya joto,
siku ile namba ilipopanda na watu wakasogea nyuma.
Nami, bila kufikiri,
nilikuwa nimekwishakunja mikono ya blauzi,
macho yakitafuta ndoo yao iko wapi.