Chumvi ya Thumuni

Jumatatu kompyuta za ghala ziliamka nyekundu.
Marobota mia nne ya mkonge tulishayapima,
uzito wake umefungiwa ndani, na ufunguo
uko kwa mtu tusiyemjua, anataka dola.
Semkiwa akatoa daftari kubwa, akapuliza vumbi.
Tukapima upya, robota kwa robota, siku sita,
vidole vikinuka katani na wino.

Mwezi wa tatu redio ikatangaza:
ametajwa. Jina lake lote.
Fedha zake zimezuiwa. Haruhusiwi kuingia
nchi hii, na ile, na ile.
Semkiwa akacheka mpaka kalamu ikamdondoka:
"Kwani alituomba viza aje Tanga?"

Mimi sikucheka.
Nilikumbuka susio la mtaa wetu, Ngamiani,
mwaka Bwana Chambega alipokula fedha za kuzikana.
Hakupigwa. Hakupelekwa polisi.
Salamu tu ziliisha.
Akipita, bao linasimama, kete mkononi.
Alipofiwa na shangaziye, jeneza walilibeba watu watatu
na mkokoteni.
Siku ya kumi akarudisha,
noti zimefungwa kwenye pindo la kanga ya mkewe.

Lilimuuma kwa kuwa alituhitaji:
mabega yetu, duka letu, amina zetu.
Huyu wa kompyuta anahitaji nini kwetu?

Labda kwingine. Labda ipo benki,
upo mlango wa ndege, na karani kama mimi
atakayesoma jina, atazame sura, aseme: wewe, hapana.
Labda kijana mwingine, kidole juu ya kitufe,
aliisikia redio ileile, akasita.
Anayesita hatangazwi. Hatutamjua.

Basi na waendelee kutaja majina. Sipingi.
Ila mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
namshikia baba duka,
akaja Mwanamvua binti Chambega, wa dawati langu,
sarafu imelowa jasho kiganjani.
"Chumvi ya thumuni."
Gunia lilikuwa wazi nyuma yangu.
Nikamwambia imekwisha.

Aliliona gunia.
Akafumba kiganja, akaondoka polepole,
kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kumwita.

Sikumwita.