Aliyekaa Mlangoni

Kilo mbili, gramu mia nane na tisini.
Siku ya sita. Jina bado;
kwenye utepe wa mguuni wameandika
"wa Nazibrola", basi.

Mimi si daktari. Ni mwendesha mashine,
yule wa kando, mshika damu ya watu
wakati moyo wao umelala.
Chumba kina baridi. Nje, mvua ya Oktoba
inaosha vilima vya Tbilisi bila haraka.

Uvimbe huu, wametuambia, si mbaya.
Hauna safari, hautahamia ini wala mapafu.
Ni nyama ya moyo iliyoupenda moyo kupita kiasi.
Ila umekaa mlangoni,
pale damu inapotokea kwenda mwilini,
na akikaa mtu mlangoni, hata awe mpole vipi,
wa ndani hatoki.

"Simamisha," asema Daktari Tsiala.
Naipitisha dawa ya baridi.
Moyo unasita, kama mtu aliyeitwa
kwa jina lisilo lake,
kisha unatulia.
Ni mdogo kama jozi.

Baba yake namjua: Jumberi, mkulima wa Imereti.
Tulipishana ngazini asubuhi,
vidole vyeusi kwa maganda mabichi ya jozi,
weusi usioogopa sabuni.
Mikono aliificha mfukoni.
Nadhani alihofu tutamwona mchafu
tumnyime mtoto.

Dakika ya kumi na tisa. Tsiala anakata
kipande kama punje ya dengu,
kingine kama nusu yake,
halafu anaweka mkasi chini.
Vakhushti, mwanafunzi, anainua nyusi:
upo mwingine ukutani,
na mwingine nyuma yake.
"Hao waache. Hawajamzuia mtu.
Watanywea wenyewe akikua."

Miaka ishirini nasikia mikono ikisifiwa kwa kukata.

Naifungulia damu, vuguvugu.
Sekunde. Sekunde.
Mashine yangu inanguruma, naichukia.
Ndipo jozi inajikunja
mara moja,
inafikiri,
mara mbili.

Jioni, ngazini tena.
"Mmeutoa wote?"
"Hapana. Wa mlangoni tu."
Akalitafuna jibu hilo muda mrefu,
kisha akatoa mikono mfukoni, yote miwili,
na jozi mbili ndani yake.

Moja nimeivunja nyumbani, nikala na mkate.
Nyingine ipo dirishani jikoni.
Kila nikipita naigusa.