Nyumba Bila Ardhi

Ujumbe uliingia saa nne usiku
nikifagia maganda ya njugu chini ya viti.
Ulianza: Mpenzi mteja.
Nikajua nimekwisha.
Asiyekujua akikuita mpenzi, shika mfuko.

Ada ya mwezi imepanda tena,
mara ya tatu tangu nifungue chumba hiki Mtopanga:
televisheni mbili, pedi nne, moja yavuta kushoto yenyewe,
na feni yenye kelele kuliko mashabiki.
Wanasema wameboresha huduma.
Huduma gani? Tokeni za umeme ni zangu,
bando ni langu,
jasho tunagawana mimi na watoto.

Asubuhi nikabandika kartoni mlangoni:

    Bei mpya tangu leo, mechi moja thelathini,
    Mimi hapa sina cheo, bei yatoka ng'amboni,
    Kwao ni maendeleo, kwangu shimo mfukoni,
    Na mkopo sina leo, njooni kesho jioni.

Tsuma akasoma, akahesabu mizani kwa vidole.
"Vina vimekaa, da Mwanasiti," akasema.
"Bei ndiyo haijakaa."
Akaenda kukaa ukutani na ishirini yake.

Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la madeni.
Kulipia mwaka ni nafuu kuliko mwezi,
ukiwa nazo za mwaka.
Ngazi ya chini ni rahisi,
ila gemu wanazotaka watoto ziko ngazi ya juu,
kama maji ya ghorofani.
Siku ya tisa nikashindwa.
Ya kumi nikawasha mashine:
gemu zote zilikuwa pale, kila moja na picha yake,
na pembeni kufuli dogo, safi,
lenye adabu.

Mama alikuwa amepita na chupa ya chai.
"Si ulizinunua?"
Nilinunua, mama. Nikadhani nimenunua.
"Aa," akasema. "Nyumba bila ardhi."

Kwetu Majengo kuna kopo la biskuti limejaa risiti.
Kuta zetu, mabati yetu,
mlango kauchonga babu kwa mikono yake,
na chini ni kwa mtu.
Twalipa kila mwezi tangu ilipokuwa shilingi kumi na tano.
Alikufa, akaja mwanawe; mwanawe akapandisha.
Sura yake hatuijui. Twamjua mtoza kodi,
na kalamu yake anayoilamba kabla ya kuandika.

Mama hakuongeza neno.
Alimaliza chai, akauliza choo kiko wapi, akaenda zake.

Jumamosi nilikwenda Mwembe Tayari kwa Shebwana,
auzaye diski kuukuu, mia tatu moja,
zilizokwaruzwa mia mbili.
Akapuliza moja, akaipangusa kwa fulana.
"Hii haiombi ruhusa kwa mtu," akasema. "Wewe ingiza tu."

Ni mpira wa miaka tisa nyuma.
Waliostaafu humo bado wana mbio,
wenye vipara wana nywele.
Watoto walicheka mpaka mmoja akamwaga maji ya ukwaju.
Halafu Tsuma akagundua pahali pa kubadili majina.

Siku mbili walibishana, herufi moja moja,
kwa pedi ile inayovuta kushoto.
Kipa akawa Mbwarali, yule wa barafu.
Nambari tisa ni Kadzo,
kwa kuwa anawafunga wote na hakuna wa kukataa.
Na beki wa timu pinzani, jibaba lile,
wakamwita Mwenye Ardhi:
hupiti bila kulipa.

Mechi imerudi ishirini.
Wachezao na watu wa mbali wamehama,
wengine wachanga wanne akaunti moja kwa kina Nyevu,
wagombana zamu. Siwalaumu.

Jana ujumbe umeingia tena:
Mpenzi mteja, tumekukosa.
Simu niliilaza kifudifudi.
Dakika ya themanini na tisa,
Kadzo alikuwa amebaki na Mwenye Ardhi
peke yake.